Bondia wa Uzito wa Juu Akishindwa Mara kwa Mara: Je, Atundike Glovu?

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na wanaume wakiwa mbele ya televisheni: bondia wa uzito wa juu amepigwa, amepigwa tena, na sasa anasema anataka pambano jingine. Je, aachwe apigane au atundike glovu?

Mtaniuliza, nesi anahusika nini na ngumi? Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikasoma tena hapa Sweden, na pande zote mbili nimehudumia watu walioumia kichwa. Swali hili ni la kitabibu kabla ya kuwa la michezo. Tena hapa Stockholm vijana wetu wengi wanafanya mazoezi ya ngumi na mateke katika klabu za mitaani, na wengine wanapanda ulingoni kwa malipo. Yule bondia mnayembishania kwenye televisheni yuko mbali. Mtoto wa dada yako, mume wako au mwenzako mnayepanga naye yuko chumba cha pili.

Jibu langu nalitoa mapema ili usisubiri mpaka mwisho wa makala. Idadi ya kushindwa si kipimo. Kipimo ni jinsi alivyoshindwa, ngumi ngapi zimeingia kichwani kwa miaka yote pamoja na za mazoezini, na kichwa chake kikoje katikati ya pambano moja na jingine. Na mtu wa mwisho kujua kwamba wakati umefika ni bondia mwenyewe.

Kushindwa hakufanani

Tuanze na bondia wa hapa hapa. Otto Wallin wa Sundsvall ni wa uzito wa juu. Septemba 2019 alishindwa na Tyson Fury huko Las Vegas. Desemba 2023 alishindwa na Anthony Joshua huko Riyadh. Februari 2025 alishindwa na Derek Chisora huko Manchester. Kwenye karatasi hapo ni kushindwa mara tatu. Ukitazama kwa jicho la muuguzi, ni mambo matatu tofauti. Kwa Fury alimaliza raundi zote 12, na aliyetoka ulingoni na jeraha baya juu ya jicho ni Fury mwenyewe, yaani mshindi. Kwa Joshua, kona yake ilisimamisha pambano baada ya raundi ya tano. Kuna watu wanaona ni aibu bondia kutolewa na watu wake. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya kona, na ningependa kuiona mara nyingi zaidi. Kwa Chisora alishindwa kwa pointi, lakini aliangushwa chini mara mbili. Kati ya hizo tatu, mimi ningeuliza maswali mengi zaidi juu ya hii ya tatu, ingawa matokeo yameandikwa "pointi" kama ile ya kwanza. Sisemi astaafu, mimi si daktari wake. Nasema tu kwamba herufi zinazoandikwa kwenye rekodi hazikuambii kilichotokea ndani ya fuvu.

Mfano mwingine ni Frank Bruno wa Uingereza. Aligombea ubingwa wa dunia mwaka 1986, akapigwa. Akagombea 1989, akapigwa na Mike Tyson. Akagombea tena 1993, akapigwa na Lennox Lewis. Mara zote tatu pambano lilisimamishwa kabla ya kwisha. Watu wa kuhesabu wangesema inatosha, mzee, nenda nyumbani. Lakini Septemba 1995 alimshinda Oliver McCall pale Wembley akawa bingwa. Machi 1996 akapigana tena na Tyson, akasimamishwa raundi ya tatu, na hakurudi tena ulingoni. Kilichomstaafisha si hesabu ya mapambano. Madaktari walimwambia kwamba akiendelea anaweza kupoteza jicho.

Na upande wa pili wa shilingi ni huu. Tarehe 14 Juni 2013, hapa Stockholm, ukumbi wa Hovet, Frida Wallberg alipanda ulingoni akiwa bingwa ambaye hajawahi kupoteza pambano la kulipwa hata moja. Alisimamishwa raundi ya nane na Diana Prazak. Dakika chache baadaye ilibainika damu inavuja kichwani, akakimbizwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Alipona, lakini ngumi ziliishia hapo. Kama kanuni yako ni "atastaafu akishindwa mara tatu", kanuni hiyo isingemsaidia kitu. Alikuwa hajashindwa hata mara moja.

Ingo

Wengi wetu tunafanya kazi hemtjänst au kwenye nyumba za wazee. Jaribu siku moja kumtajia mzee wa Kiswidi jina la Ingo, utaona uso unavyochangamka. Ingemar Johansson wa Göteborg alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tarehe 26 Juni 1959, New York, alimwangusha Floyd Patterson mara saba katika raundi ya tatu. Redio ya Sweden ilikataa kutangaza pambano lile, kwa hiyo Waswidi walikesha wakisikiliza Radio Luxembourg. Wazee wanaipenda sana hadithi hiyo, mwache akusimulie mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata, Juni 1960, Patterson alimpiga Johansson raundi ya tano kwa ngumi ya mkono wa kushoto. Picha za pambano lile bado zipo: amelala chali, mguu unatetemeka, na alichukua dakika kadhaa kuzinduka. Mguu unaotetemeka namna ile si uchovu, ni ubongo uliopata mshtuko mkubwa. Machi 1961 wakarudiana tena, akapigwa raundi ya sita. Kushindwa mara mbili mfululizo, na mtu yule yule.

Je, alistaafu hapo? Hapana. Alirudi, akashinda, na mwaka 1962 akachukua tena ubingwa wa Ulaya. Pambano lake la mwisho lilikuwa hapa Stockholm Aprili 1963, dhidi ya Brian London. Alishinda kwa pointi. Lakini mwisho kabisa wa raundi ya 12 aliangushwa, na kengele ndiyo iliyomwokoa. Baada ya hapo akaacha, akiwa na miaka 30, na rekodi ya kushinda mapambano 26 kati ya 28. Naomba uliangalie jambo hilo vizuri: aliondoka baada ya kushinda. Aliangushwa na bondia ambaye miaka minne kabla yake asingemsumbua. Kwangu mimi hiyo ni dalili nzito kuliko vipigo vya Patterson, kwa sababu inaonyesha kwamba ngumi ambazo zamani alizistahimili sasa zinamlaza.

Yeye na Patterson baadaye wakawa marafiki wa kutembeleana. Patterson aliendelea kupigana mpaka 1972. Mwaka 1998 alijiuzulu uenyekiti wa tume ya ngumi ya jimbo la New York baada ya kuhojiwa chini ya kiapo na kushindwa kukumbuka mambo ya kawaida ya maisha yake. Alifariki Mei 2006, akiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Johansson naye alipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwenye miaka ya 1990, akatunzwa kwenye nyumba ya wazee, na alifariki Januari 2009 akiwa na miaka 76.

Siwezi kusimama mbele yako nikasema ni ngumi zilizowapa ugonjwa huo. Alzheimer huwapata hata makarani na walimu ambao hawajawahi kupigwa kofi. Nitakachosema ni kwamba aliyeacha na miaka 30 na aliyeacha na miaka 37 wote walifika pale pale, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kustaafu ni chanjo. Kustaafu kunapunguza ngumi zijazo. Zilizokwisha kuingia hakuna anayeweza kuzitoa.

Ndani ya fuvu kunatokea nini

Ubongo ni laini kuliko watu wanavyodhani, na unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Ngumi ya taya inapozungusha kichwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unafuata nyuma. Nyuzi za neva zinavutika. Mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na utando wake nayo inavutika, na ikikatika damu inajikusanya taratibu chini ya fuvu na kuubana ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka ulingoni anatembea, anacheka, anaongea na simu, halafu saa mbili tatu baadaye anaanza kutapika na kulegea.

Sasa kwa nini tunasisitiza uzito wa juu? Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walipima ngumi ya huyo huyo Frank Bruno wakapata nguvu ya nyutoni zaidi ya 4,000. Watu wa uzito mwepesi wanapigana haraka na wanapigwa ngumi nyingi. Watu wa uzito wa juu wanapigwa chache lakini kila moja ni mzigo. Na kuna jambo la umri. Kasi ya miguu inaisha mapema, nguvu ya ngumi inabaki muda mrefu. Kwa hiyo bondia wa uzito wa juu mwenye miaka 38 bado anaweza kumlaza mtu, na hilo linamdanganya yeye, kocha wake na promota. Kinachokuwa kimeondoka ni uwezo wa kukwepa.

Ugonjwa wa polepole unajulikana zamani. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wanatembea na kuzungumza kama walevi bila kunywa. Siku hizi unaitwa CTE. Protini inayoitwa tau inajikusanya kwenye ubongo miaka mingi baada ya vipigo, na mpaka leo uthibitisho kamili unapatikana kwa kuchunguza ubongo baada ya kifo tu. Mwaka 1969 ulitolewa utafiti wa Uingereza uliochunguza mabondia wa kulipwa wastaafu 224. Kati yao 37, yaani asilimia 17, walikuwa na dalili za kuharibika ubongo, na waliopigana muda mrefu zaidi waliathirika zaidi. Hawakuwa walioshindwa zaidi tu. Mshindi naye anapigwa.

Tena anapigwa zaidi mazoezini, mahali ambapo hakuna mwandishi wala rekodi. Msweden mwingine, Erik Skoglund, alishindwa kwa pointi na Callum Smith huko Liverpool Septemba 2017, baada ya kuangushwa raundi ya 11. Desemba mwaka huo huo alianguka mazoezini, damu ikavuja kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji. Hakuwa wa uzito wa juu, lakini somo ni lile lile: mwili ulifika mazoezini, swali ni kama ubongo ulikuwa tayari. Na kofia ya mazoezi? Inazuia kuchanika na kuvimba. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Nirudi kidogo kwa Ingo. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alipambana na Mmarekani Ed Sanders, na mwamuzi akamtoa Johansson kwa kutopigana. Sweden nzima iliona aibu. Sanders akapewa dhahabu, akaingia ngumi za kulipwa. Desemba 1954 alianguka ulingoni Boston akafariki, ana miaka 24. Kabla ya pambano hilo alikuwa akilalamika maumivu ya kichwa. Kila kijana anaponiambia "kichwa kinaniuma kidogo tu tangu juzi, lakini Jumamosi napigana," namkumbuka Sanders.

Ali alipokuja Dar es Salaam

Wazee wetu wanakumbuka Februari 1980, Muhammad Ali alipofika Dar es Salaam ametumwa na Rais Carter kuishawishi Afrika isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Wakati ule Ali alikuwa amekwisha kutangaza kustaafu. Miaka mitatu kabla, daktari wake wa kona, Ferdie Pacheco, alikuwa ameondoka kambini kwa sababu ushauri wake wa kuacha ngumi haukusikilizwa.

Mwaka huo huo wa 1980 Ali akarudi. Kabla ya kumpa kibali, jimbo la Nevada lilitaka apimwe, akapimwa kwenye hospitali ya Mayo. Ripoti ilitaja kwamba anapata shida kidogo kugusa ncha ya pua kwa kidole na kuruka kwa mguu mmoja. Nesi yeyote aliyefanya kazi wodi ya magonjwa ya neva anajua vipimo hivyo vinapima nini. Hata hivyo kibali kilitoka. Tarehe 2 Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga kwa raundi 10 mpaka kocha Angelo Dundee akakataa asirudi tena. Alikuwa na miaka 38. Desemba 1981 akapigana tena, safari hii Bahamas, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 akaambiwa ana Parkinson. Madaktari wamebishana kama ngumi ndizo zilizoleta ugonjwa ule, na mimi sitamaliza ubishi huo hapa. Ninachokitazama ni ile ripoti. Dalili zilionekana, zikaandikwa, na kila aliyeisoma alikuwa na kitu cha kupata pambano likifanyika.

Hapo ndipo wapenzi wa ngumi hunitajia George Foreman, hasa ndugu zetu wa Kongo ambao pambano la Kinshasa la 30 Oktoba 1974 ni kama mali ya familia. "Foreman si alirudi akawa bingwa na miaka 45?" Ni kweli, Novemba 1994. Lakini Foreman aliacha mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young, akakaa miaka 10 bila kupigwa ngumi hata moja. Wengi wanaomtolea mfano hawataki kukaa hata miezi 10.

Kwa nini hawezi kujiamua mwenyewe

Sweden ilipiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1970, na zikaruhusiwa tena kwa kibali na masharti kwa sheria iliyoanza kutumika 2007. Ukiniuliza, masharti ya hapa ni mazuri. Shida ni kwamba ndege zipo. Bondia aliyesimamishwa nchi moja anaweza kupata pambano nchi nyingine, na kuna mabondia Ulaya ambao kazi yao ni kuitwa siku chache kabla, waje wapigwe na kijana anayejengewa jina. Wengi wao ni wageni kama sisi. Ana kodi ya nyumba, ana wazazi wanaosubiri pesa, na ukimwambia aache unamwondolea vitu viwili pamoja: kipato na heshima. Mtu ambaye kazini anaitwa msafishaji, ukumbini anaitwa bingwa. Usimcheke anaposema "moja tu la mwisho". Na anapoacha kweli, mwangalie. Frank Bruno alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 2003, na baadaye amezungumza hadharani ili wengine wasione haya kutafuta msaada. Kustaafu bila kuwa na kitu cha kufanya asubuhi ni hatari yake peke yake.

Zaidi ya pesa, kuna jambo la kitabibu. Sehemu ya ubongo inayotumika kujipima ni sehemu ile ile inayopigwa. Mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu husahau kwamba anasahau. Kwa hiyo makubaliano yafanyike mapema, akiwa mzima. Kaeni naye, mke au kaka au kocha anayemheshimu, mwandike kwenye karatasi: nikiangushwa hivi, nikishindwa kipimo hiki, naacha, na fulani ndiye mwenye neno la mwisho. Huyo fulani asiwe mtu anayepata asilimia ya pambano. Mimi binafsi, kwa bondia wa uzito wa juu aliyepita miaka 35 ambaye amepoteza fahamu ulingoni mara mbili ndani ya mwaka, au ambaye anaanguka kwa ngumi ambazo zamani alizipokea akasimama, nisingesubiri pambano la tatu. Ngumi za ridhaa kwa muda mrefu zimekuwa na msingi huu: ukipigwa ukalala mara moja, angalau siku 30 bila pambano wala mazoezi ya kupigana; mara mbili ndani ya miezi mitatu, miezi mitatu; mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima nje. Hizo ni siku za chini kabisa, si ahadi kwamba siku ya 31 umepona.

Akirudi nyumbani usiku amepigwa

Hapa ndipo naomba usome polepole, maana usiku ule daktari wa ulingoni hayupo, upo wewe. Asilale peke yake nyumbani. Kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kiasi kwamba kumwamsha ni shida, akichanganya maneno au kutojua yuko wapi, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege, au maji meupe yakitoka puani au sikioni, piga 112 saa ile ile. Usisubiri shemeji aje na gari. Usimpeleke kwa metro. Sema ni hjärnskakning baada ya kupigwa ngumi na sema saa aliyopigwa. Kama hana karatasi za ukaazi, piga vile vile. Huduma ya dharura anapewa.

Kwa maumivu, Alvedon inakubalika kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Treo, Ipren na dawa nyingine za jamii hizo aziache, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Najua Treo ipo kila jiko la Stockholm. Pombe hapana. Kukandwa shingo kwa nguvu na kugeuzwageuzwa kichwa, kama tunavyofanyiana nyumbani, hapana. Asiendeshe gari. Kama una wasiwasi lakini dalili hizo hazipo, piga 1177, wauguzi wanapokea usiku na mchana.

Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi taratibu kwenye shughuli nyepesi. Ngumi za kichwa, hata za mazoezi, asipokee mpaka daktari aseme, na asimfiche daktari kwamba yeye ni bondia.

Dalili za polepole ni ngumu zaidi kwa sababu zinafanana na tabia. Anarudia hadithi ile ile jioni moja. Ulimi umekuwa mzito, hasa akichoka. Hasira zisizokuwepo zamani, wivu, kulia bila sababu. Anapoteza njia ya kwenda mahali anapopajua. Anatumia pesa ovyo. Chupa moja ya bia inamlevya. Mikono inatetemeka, hatua zimekuwa fupi. Ndugu wengi husema "amebadilika tangu aje Ulaya" au hata kwamba amerogwa, na miaka inapita hivyo hivyo. Mweke miadi vårdcentral. Mwende wawili, kwa sababu yeye atasema hajambo. Chukua karatasi yenye miaka aliyopigana, mara alizopoteza fahamu, lini mara ya mwisho, na mambo matatu manne uliyoyaona mwenyewe pamoja na tarehe. Ukisema "anaumwa kichwa" mtapewa Alvedon mrudi nyumbani. Ukisema alikuwa bondia kwa miaka 12 na sasa anapotea njia, mazungumzo yanakuwa mengine. Unaweza kuomba remiss ya kwenda minnesmottagning, kliniki ya kumbukumbu. Omba tolk wa Kiswahili unapoweka miadi. Tafadhali usimtumie mtoto kutafsiri habari za ubongo wa baba yake.

Tuishie hapo kwa leo. Wenye vijana klabuni, ulizeni kocha swali moja tu wiki hii: kijana akipigwa akalegea mazoezini, nani anaandika, na nani anamrudisha? Makala ijayo, Mungu akipenda, ni juu ya vitamini D na giza la Novemba.